Paka wa Maine Coon na sura yake ya porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Majibu haya yameandikwa na mtu anayeishi na dume mmoja wa Maine Coon huko Nyegezi. Maswali yenyewe yameulizwa mlangoni kwangu, ndani ya daladala paka akiwa kikapuni, na kwenye benchi la kusubiri daktari wa mifugo. Yanaanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayoulizwa na wachache. Aliyekwisha kukusudia kununua anaweza kuanzia swali la 13.

## Misingi

1. Huyu ni paka kweli, au ni mnyama wa porini aliyefugwa?

Ni paka wa nyumbani, wa jamii ile ile ya paka anayelala juu ya magunia ya mchele dukani. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Karibu na Afrika ya Kaskazini, ambao maelfu ya miaka iliyopita walifuata panya kwenye maghala ya wakulima na hatimaye wakazoeana na watu. Maine Coon hana damu ya chui, ya simbamangu wala ya linksi wa nchi za baridi.

Hata hivyo swali hili halina ujinga wowote. Fundi umeme aliyekuja kwangu kubadilisha mita alisimama kizingitini, akatazama kochi, akasema kwa adabu: “Mama, naomba kwanza umfunge huyo mtoto wa simba.” Mtoto wa simba akamjibu kwa sauti ya kifaranga, na kazi ikaendelea (kuhusu sauti hiyo, tazama swali la 9).

2. Jina lake limetoka wapi?

Sehemu ya kwanza ni jina la Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani lenye pwani ndefu na majira ya baridi yenye theluji nyingi. Sehemu ya pili inatokana na rakuni, mnyama wa huko mwenye mkia mnene wenye pete. Kwa kuwa paka wengi wa eneo hilo walikuwa na milia ya kahawia na mkia wa namna hiyo, ilizuka hekaya kwamba paka na rakuni waliwahi kuzaana. Jambo hilo haliwezekani kabisa, kwa sababu wanyama hao wawili ni wa familia tofauti.

Walikuwa paka wa mashambani na bandarini kabla ya kuwa paka wa maonyesho. Anayewajua paka wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba hatashangaa, maana penye samaki, maghala na vyombo paka hujileta wenyewe. Mwaka 1895 paka jike wa milia ya kahawia aliyeitwa Cosey alishinda katika onyesho kubwa la paka lililofanyika Madison Square Garden, New York. Baadaye paka wa Kiajemi walipendwa zaidi na Maine Coon akasahauliwa kwa miongo kadhaa, hadi chama kikubwa cha wafugaji wa Marekani, CFA, kilipomkubali rasmi mwaka 1976. Mwaka 1985 jimbo la Maine lilimtangaza kuwa paka wake rasmi.

3. Ana ukubwa gani hasa?

Dume aliyekomaa huwa na kilo 6 hadi 8, na wapo wanaozidi hapo. Jike huwa na kilo 4 hadi 6 hivi. Picha za paka wa “kilo 20” zinazozunguka kwenye simu aghalabu zimepigwa kwa ujanja, paka akiwa mbele karibu na kamera na mtu akiwa nyuma. Urefu ndio unaoshangaza kuliko uzito: mwaka 2010 dume mmoja wa Marekani aitwaye Stewie alipimwa sentimita 123 kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, akaingia katika kumbukumbu za Guinness.

Hukua polepole. Paka wa kawaida hukamilika akiwa na mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini huyu huendelea kujaa hadi miaka mitatu, wengine hadi mitano. Kwa hiyo anayelalamika kwamba paka wake wa miezi kumi “hajawa simba” anamwonea.

## Sura

4. Ni nini hasa kinachompa sura ya porini?

Ni vitu kadhaa vinavyofanya kazi pamoja, na kimoja kimoja hakitoshi. Cha kwanza ni masikio: makubwa, yamesimama juu ya kichwa, na kwenye ncha zake yana vishungi vya manyoya. Mtu wa huku hahitaji kumwona linksi ili aelewe, kwa maana simbamangu wa Serengeti ana vishungi hivyo hivyo, tena vyeusi na virefu zaidi. Cha pili ni mdomo wa mraba, uliojitokeza mbele kama kisanduku, wenye kidevu imara. Paka wa kawaida ana uso wa mviringo ulioishia kwa pua ndogo. Huyu ana uso unaokuja mbele kukutazama.

Kisha kuna macho, ambayo yamekaa mshazari kidogo, chini ya paji lenye mistari inayofanana na herufi M. Kwa paka wenye milia, mistari hiyo huungana na weupe unaozunguka kope, na paka huonekana amekunja uso wakati anawaza chakula tu. Mashavuni na shingoni ana sharafa nzito inayomfanya aonekane mpana kuliko alivyo. Mwishoni kuna mkia, mrefu kama kiwiliwili chenyewe, wenye manyoya yanayoning'inia.

Manyoya yake hayakulingana urefu, na hapo ndipo anapotofautiana na paka wa Kiajemi aliyejaa kama mto wa pamba. Mabegani ni mafupi, kisha yanarefuka kuelekea tumboni na nyuma ya mapaja, ambako yanakaa kama suruali pana. Vifundo vya manyoya kati ya vidole na manyoya marefu ya tumboni vinaelezwa kuwa msaada wa kutembea na kuketi juu ya theluji. Kwa jicho la mtazamaji, ukosefu huo wa ulinganifu ndio unaosema “huyu hakutengenezwa saluni”.

5. Mbona Maine Coon niliyemwona ana uso mpole, si kama wa kwenye picha?

Kwa sababu ndani ya mbegu hii kuna mitindo. Wafugaji wengine, hasa wa Marekani, wamependelea uso laini, macho ya mviringo zaidi na masharubu yasiyo na ukali. Wengine, wengi wao wa Ulaya na Urusi, wamechagua kwa vizazi vingi wale wenye mdomo mkubwa zaidi, masikio marefu zaidi na mtazamo mkali, na picha za hao ndizo zinazosambaa. Wote ni Maine Coon halali. Hakuna ukali wa tabia unaokuja na ukali wa sura: uso umechaguliwa na mtu, kama anavyochaguliwa fahali kwa pembe zake.

6. Kwa nini sura hii inawavutia hata watu wasiopenda paka?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wanaume, baada ya dakika kumi za kumtazama paka wakijifanya wanatazama televisheni.

Sisi wa ukanda wa ziwa hatuko mbali na wanyama wakali. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara ya kwenda Musoma, karibu kabisa na ziwa, na watoto wengi wa shule za Mwanza wamewahi kuvushwa kwa boti kwenda kisiwa cha Saanane kutazama wanyama. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba uso wa aina ile hutazamwa kwa mbali. Ukikutana nao juu ya kochi, mwili unastuka kidogo kabla akili haijafika. Halafu mnyama anajilaza chali. Mstuko ule na kicheko kinachofuata ndio mvuto wenyewe, na haufi hata baada ya miaka, kwa sababu uso haubadiliki.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na nafasi tayari kwa mnyama huyu. Tuna neno paka shume kwa dume kubwa lisilomtii mtu, na hekaya za pwani zina nunda, paka aliyeanza kwa kula vifaranga akaishia kula watu. Maine Coon ana umbo la nunda na roho ya mpangaji mpole. Tumezoea kuonywa juu ya chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Hapa kondoo ndiye aliyevaa ya chui, na hakuna aliyedhurika.

Nitoe mfano mmoja. Asubuhi moja kongoti alitua juu ya ukuta wa jirani, akakunja shingo yake ya upara. Paka wangu alikuwa dirishani. Alishuka tumbo hadi likagusa zege, masikio yakalala, mboni zikafunguka hadi rangi ya macho ikapotea, sharafa ikasimama yote. Katika nusu dakika ile ungeapa kwamba kuna mnyama wa mbugani chumbani. Kongoti akagonga mdomo wake mara moja, ta!, na yule mnyama wa mbugani akaonekana tena baada ya saa mbili, chini ya kitanda, akiwa na utando wa buibui kwenye masharubu.

Wapo pia wanaovutwa na fahari tu ya kumiliki kitu ambacho mtaa mzima hauna. Hilo ni la kibinadamu, lakini fahari hiyo haidumu mbele ya kazi ya kuchana manyoya (swali la 11).

7. Anatofautianaje na paka wa misitu wa Norwei na paka wa Siberia?

Tazama uso kwa upande. Paka wa Norwei ana uso wa pembetatu na pua iliyonyooka kutoka paji hadi ncha. Maine Coon ana mbonyeo kidogo kati ya macho na mdomo wa kisanduku. Paka wa Siberia ni wa mviringo kila mahali, uso hadi miguu. Wote watatu wana manyoya marefu ya nchi za baridi na wote huitwa “paka simba” na wauzaji wasiojali.

## Tabia

8. Je, ni mkali? Nina watoto wadogo na kuku.

Kwa watu ni mpole kuliko paka wengi, na hufuata wenyeji wake chumba hadi chumba. Watoto anawavumilia, ila mtoto wa miaka miwili afundishwe kwamba mkia ule haukuwekwa pale ili uvutwe. Kuku wakubwa huwaogopa. Vifaranga ni jambo jingine: yeye ni mwindaji kama paka yeyote, na upole kwa binadamu haumhusu kifaranga.

9. Kwa nini analia kama ndege?

Hutoa mlio mfupi wa kutetemeka, kati ya kifaranga na mlango usiotiwa mafuta, hasa anapokusalimu au anapoona ndege dirishani. Ndio mlio ambao paka mama hutumia kuwaita wanawe, na Maine Coon wengi huendelea nao ukubwani.

## Maisha ya kila siku kando ya ziwa

10. Manyoya yote hayo, atastahimili joto la Mwanza?

Kwa kawaida ndiyo. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wake hupoza mji, hivyo Mwanza si Dar es Salaam. Tatizo ni nyumba. Chumba chenye bati bila dari, kilichojengwa kati ya mawe yanayohifadhi joto la mchana, kinaweza kumchosha paka wa manyoya mafupi, seuze huyu. Mwenyeji ampatie paka sakafu ya saruji au vigae, dirisha lenye wavu linalopitisha hewa, na maji ya kutosha. Wengi wao hupenda kuchezea maji, hivyo bakuli liwe zito. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa apelekwe kivulini mara moja, na hali isipotulia apelekwe kwa daktari.

Usimnyoe ili apoe. Mwanya wa manyoya hufungua ngozi kwa jua, na manyoya yaliyochanwa vizuri hupitisha hewa.

11. Kumchana ni kazi kiasi gani?

Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika kumi na tano, kwa chanuo la chuma lenye meno mapana. Mafundo huanzia kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mapaja, yaani pale pale ambapo paka hapendi kushikwa. Fundo dogo hufunguliwa kwa vidole. Fundo lililoshika ngozi aachiwe daktari, kwa sababu ngozi ya paka ni nyepesi na mkasi haubagui.

Baada ya mvua adui ni kishonanguo. Siku moja paka wangu alitoka katika nyasi za nyuma ya nyumba akiwa ameshonwa mbegu hizo kuanzia kidevuni hadi kwenye suruali zake, na ilibidi nimwogeshe. Anayetaka kujua ni kiasi gani cha Maine Coon ni manyoya amtazame siku hiyo. Ndani ya beseni alibaki mnyama mwembamba mwenye masikio ya popo, akinitazama kama mtu aliyenyang'anywa cheo.

12. Naweza kumlisha dagaa na sangara tu? Hapa ndivyo vya bei nafuu.

Kama kitoweo cha ziada, ndiyo. Kama chakula pekee, hapana. Samaki wengi wa maji baridi wakiliwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyepungukiwa vitamini hiyo huyumba na hata kupata degedege. Kupika huondoa tatizo hilo pamoja na minyoo. Dagaa waoshwe mchanga, wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, kwa sababu vitunguu vya aina zote ni sumu kwa paka. Mifupa ya sangara iondolewe yote. Msingi wa mlo uwe nyama, au chakula cha paka kilichotengenezwa kikiwa na taurini, kiini ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza wa kutosha na ambacho moyo na macho yake yanakihitaji. Ugali na dagaa hujaza tumbo tu.

Kwa kuwa tumetaja sumu: paracetamol huua paka hata kwa kiasi kidogo, na dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye pemethrini zisimguse kabisa. Makosa haya mawili hufanywa na watu wenye nia njema.

## Kununua na kumiliki

13. Paka wangu alizaliwa Igoma, ana manyoya marefu na ni mkubwa. Je, ni Maine Coon?

Karibu kwa hakika si yeye. Manyoya marefu hutokana na kurithi chembe ya urithi iliyojificha kutoka kwa wazazi wote wawili, na chembe hiyo inaweza kupita vizazi kadhaa vya paka wa manyoya mafupi bila mtu kujua. Paka huyo ni mzuri, na hana sababu ya kutafutiwa asili ya Marekani. Maine Coon ni yule mwenye hati ya ukoo inayotaja wazazi, mababu na chama kilichowaandikisha.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Kabla ya paka wangu wa sasa nililipa fedha nyingi kwa muuzaji niliyempata kwa simu, nikapokea kitoto chenye manyoya ya kupendeza na “hati” iliyochapwa siku ile ile. Alikua akawa na kilo tatu na nusu. Yuko kwa dada yangu Buhongwa, ana afya njema, na panya wa mtaa ule wanamjua.

14. Nimwagize vipi kutoka nje?

Anza na ofisi ya mifugo kabla ya kulipa chochote. Mnyama huhitaji kibali cha kuingizwa nchini, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali wa nchi anakotoka, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Muuzaji anayesema “karatasi tutamalizia uwanja wa ndege” aachwe na paka wake.

15. Niulize nini kuhusu magonjwa?

Uliza kwanza kuhusu moyo. Mbegu hii huathiriwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ambao unaweza kumuua paka kijana ghafla bila dalili. Mwaka 2005 watafiti waligundua mabadiliko katika chembe ya urithi iitwayo MYBPC3 yanayohusiana na ugonjwa huo kwa Maine Coon, na tangu hapo wazazi wanaweza kupimwa kwa vinasaba. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwa sababu paka asiye na mabadiliko hayo bado anaweza kuugua. Wazazi wapimwe pia kwa altrasaundi ya moyo. Uliza vilevile kuhusu nyonga zilizolegea na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya miguu ya nyuma. Mfugaji mwaminifu hatakasirika.

16. Nimwache atembee nje?

Mimi simwachi, isipokuwa katika ua uliofungwa. Kuna mbwa, kuna bodaboda, kuna kichaa cha mbwa, na kuna watu ambao wakikutana na macho yale gizani watachukua jiwe kwanza na kuuliza baadaye. Wengine huhusisha paka mkubwa wa usiku na ushirikina. Sioni faida ya kubishana nao. Nilimwalika balozi wa nyumba kumi na majirani wawili wakamshika, na habari ikasambaa kwa njia ya kawaida ya mtaa. Ahasiwe pia, kwa sababu dume asiyehasiwa hatulii ndani na mkojo wake hausahauliki.

## Maswali ya wachache

17. Nikimzalisha na simbamangu au paka pori, si nitapata sura kali zaidi?

Usijaribu. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumkamata au kumfuga mmoja bila kibali ni kosa. Paka pori huzaana kwa urahisi na paka wa nyumbani, na hilo ndilo balaa lake, kwa kuwa kizazi chake halisi kinapotea kwa kuchanganyika. Isitoshe, mnyama wa namna hiyo atakupa tabia ya porini, na hicho ndicho ambacho Maine Coon hana.

18. Je, sura inaweza kutiwa chumvi kupita kiasi?

Ndiyo, na kwa maoni yangu baadhi ya wafugaji wamefika huko. Zipo picha za paka wenye mdomo mkubwa hivi kwamba uso unafanana na wa mtu aliyeudhiwa. Mbegu hii ilijengwa kutokana na paka wachache wa mwanzo. Ukichagua tena, kwa ajili ya uso tu, wachache kati ya hao wachache, unapunguza damu iliyokuwa tayari nyembamba. Mnunuzi anayeonyeshwa picha za uso pekee aombe video ya paka akitembea na akila.

19. Nimeona mwenye vidole sita. Ni kilema?

Si kilema. Vidole vya ziada vilikuwa vya kawaida kwa paka wa Maine wa zamani, na hurithiwa kutoka hata kwa mzazi mmoja. Paka wa namna hiyo hutembea vizuri, ila kucha ya kidole cha ziada huenda isigusane na sakafu, hivyo haipungui yenyewe. Ikatwe ncha kila wiki mbili au tatu, kabla haijajikunja na kuingia katika nyama ya wayo.